KAZI MOJA, MIZANI MBILI



Mfanya kazi wa reli anapokuja tawini kulalamika, ni mara chache husema, "Mshahara wangu ni mdogo." Udogo wa mshahara twaujua sote, na wenye nyumba na wenye maduka wa hapa Sarang'ombe waujua kuliko sisi. Asemayo ni haya: "Kwa nini fulani amepewa na mimi sikupewa?" Au haya: "Nimeandikiwa barua ya onyo, wala sikuulizwa neno." Malalamiko ya namna hizo mbili ndiyo yaliyojaa katika kitabu cha tawi, na leo twataka kuyaandikia kwa kirefu, kwa sababu baadhi ya wakubwa huyaita wivu na utoto. Si wivu, wala si utoto. Ndivyo mtu anavyoipima haki ya kazi yake. Chama kikipigania shilingi peke yake bila kukifahamu kipimo hicho, shilingi zitapatikana na watu watazidi kununa, na viongozi watashangaa.

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Alitoka alfajiri akaajiri vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa; hata saa kumi na moja jioni akawakuta wengine hawana kazi, akawapeleka nao shambani. Jioni watu wakalipwa, na wa kwanza kulipwa walikuwa wale waliokuja mwisho. Wakapewa dinari nzima. Wale wa alfajiri, waliochomwa na jua kutwa, wakatazamia zaidi. Nao wakapewa dinari moja. Wakanung'unika.

Mwalimu wa dini alitufundisha kwamba habari hii ni ya neema ya Mungu, na sisi hatutaki kubishana naye. Ya mbinguni yana mwenyewe. Lakini tuwatazame wale vibarua kama wafanya kazi wenzetu. Hakuna aliyewapunja hata senti. Walipata kila walichopatana. Kama mshahara ungekuwa hesabu tu, wangekwenda nyumbani wakiimba. Kilichowachoma ni walichokiona mkononi mwa jirani. Tena tumtazame na yule mwenye shamba, maana kuna jambo ambalo wahubiri hulipita upesi. Aliwalipa hadharani, kila mtu akiona. Na waliponung'unika hakuwaambia waandike barua na kungoja. Aliwajibu kwa kinywa chake mwenyewe, akawaeleza kwa nini. Labda hawakuipenda sababu yake, lakini waliisikia. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuelezwa sababu namna hiyo?

Msomi mmoja wa Marekani, J. Stacy Adams, aliliandika jambo hili mwaka 1963. Alisema mtu hulinganisha anachokitoa kazini na anachokipata, kisha hutazama mwenzake anatoa nini na kupata nini. Mizani ikiegemea upande mmoja, mtu haketi kimya: ama hudai zaidi, ama hupunguza jasho lake mpaka lilingane na malipo, ama huondoka. Mnyapara yeyote wa gangi angemweleza msomi huyo mambo hayo bila kitabu. Amekwisha kuona sururu ikipanda na kushuka polepole siku ile baada ya mishahara.

Sisi wa reli tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine, maana reli yetu ilijengwa na kuendeshwa kwa mizani nyingi. Zamani za ukoloni vyeo vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika ya Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilishauri kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na ujuzi ule ule, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Fikirini vema. Jambo hili liliandikwa katika ripoti, likapigwa chapa, na walioliandika hawakuona haya. Ilikuwa mpaka mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury iliposhauri rangi iondolewe katika vipimo vya mishahara. Mwaka huo huo Kamati ya Carpenter nayo ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika mijini ilikuwa imepimwa kwa mtu kapera, kana kwamba mfanya kazi wa Nairobi hana mke wala watoto wala hatawahi kuwa nao.

Lakini wafanya kazi walikuwa wamekwisha kusema kabla ya tume zote hizo kumaliza kazi. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini Mombasa, wakiwamo wa reli na wa bandari. Walikuwa wakikutana katika uwanja wa Kiembeni, na ndipo chama chao, African Workers' Federation, kilipopata nguvu, kikiongozwa na Chege Kibachia. Mishahara ilikuwa midogo na vyakula vilikuwa ghali, ndiyo; lakini katika malalamiko yao lilikuwamo na hili, kwamba Mwafrika halipwi sawa na watu wa rangi nyingine wanaofanya kazi ile ile. Kibachia alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo akapelekwa Kabarnet, mbali na wafanya kazi wake. Nadhari yetu leo si juu ya mateso yake, bali juu ya dai lile. Watu waliokuwa na njaa walikumbuka kudai usawa pamoja na chakula. Walijua kwamba mtu aweza kuvumilia kupungukiwa, lakini kuhesabiwa kuwa nusu mtu hakuvumiliki.

Sasa tuulize, je, mizani ya pili imeondoka? Ile ya rangi imeondoka katika karatasi za mishahara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki kazini, na kwamba mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ni nzuri. Lakini mizani ya pili imerudi kwa mlango mwingine, na mlango huo ni karatasi ya kuajiriwa. Siku hizi katika gangi moja utamkuta mtu wa ajira ya kudumu, na mtu wa mkataba, na kibarua wa siku, wote watatu wameshika taruma moja. Taruma haliulizi nani ana mkataba gani. Uzito ni ule ule.

Katika depo moja tusiyoitaja, mvua ya masika ilinyesha usiku kucha, maji yakachukua kokoto chini ya reli. Watu waliitwa saa sita za usiku, wa kudumu na vibarua pamoja. Walifanya kazi ndani ya matope mpaka asubuhi, na njia ikafunguliwa. Wa kudumu waliandikiwa ovataimu, wakapewa na buti mpya. Vibarua walipewa ile ile ya siku moja, na buti wakaambiwa zimekwisha. Baada ya wiki mbili mkubwa akaja kuuliza kwa nini vibarua hawakuitikia walipoitwa mara ya pili usiku. Tulimjibu kwamba simu zao zilikuwa zimezimwa. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa lote. Lakini tunataka msikie na sehemu ya pili ya habari hii: waliokuja kwanza tawini kulalamika hawakuwa vibarua. Walikuwa watu watatu wa kudumu, waliopewa buti. Walisema waona haya kutembea nazo mbele ya wenzao. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba malalamiko ya usawa ni wivu wa asiyekuwa nacho. Hata mwenye kupewa huona mizani ikipinda.

Wenzetu vibarua na wajue sheria yasemaje. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kumalizika kwa jumla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa kulipwa kwa mwezi, wala si kibarua tena. Kutengeneza njia ya reli si kazi ya kumalizika kwa miezi mitatu. Njia hii imetengenezwa tangu karne ya kumi na tisa na bado inatengenezwa. Basi mwenye kuandikishwa upya kila wiki ya nne, ili asifike mwezi, aandike tarehe zake katika daftari, kwa mkono wake, na azilete.

Haki ya kazini haiishii katika fedha. Mwezi wa Julai 2018 gazeti la The Standard lilichapa malalamiko ya Wakenya waliokuwa wakifanya kazi katika reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa mwaka uliotangulia. Hatuihukumu kesi hiyo hapa. Kila upande una maneno yake. Twataka tu mtazame ni nini kilichowauma wale waliosema. Mmoja wa mizigo yao mikubwa ulikuwa meza: walidai kwamba hawakuketi meza moja na Wachina wakati wa chakula. Chakula ni kile kile mezani kokote. Hakuna mtu aliyekonda kwa sababu ya kula peke yake. Hata hivyo meza iliwachoma kama vile zile tatu katika tano zilivyowachoma babu zetu, kwa maana meza nayo ni mizani.

Sasa twaja kwenye lile neno la pili, la mtu kuhukumiwa bila kuulizwa. Hili kwetu ndilo kubwa zaidi, ingawa halina shilingi ndani yake. Siku moja ya mafuriko, watu wawili wanaokaa Kibera walichelewa kazini, kila mmoja katika sehemu yake, kwa sababu daraja la miguu lilikuwa limefunikwa na maji. Msimamizi wa kwanza alimwita mtu wake, akamwuliza, akamsikiliza, kisha akamwambia: "Nimekuelewa, lakini hii ni mara ya tatu mwezi huu, na saa hizi zitakatwa." Zikakatwa. Msimamizi wa pili hakukata saa hata moja. Alimwandikia mtu wake barua ya onyo, akaituma kwa tarishi. Aliyekatwa fedha hajafika tawini mpaka leo. Aliyeandikiwa barua, ambaye hakupoteza hata senti, amekuja mara nne, na barua ile amekunja mfukoni mpaka imechanika. Yeye hataki kulipwa. Ataka kuulizwa.

Wakubwa wanaosoma gazeti letu (na twajua mwalisoma, hata kama hamlinunui) walitafakari hilo. Kumsikiliza mtu hakuna gharama. Tena ni sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira, na kwa bahati nambari ni sawa na ile ya Katiba, hivyo ni rahisi kuikumbuka, chamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, au kwa utendaji mbaya, au kwa kutojiweza mwilini, amweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua yeye mwenyewe. Kisha amsikilize kabla ya kukata shauri. Angalieni maneno hayo: katika lugha anayoielewa. Mtu wa gangi akiitwa ofisini akasomewa Kiingereza cha mawakili kwa dakika tano, hapo hajaelezwa. Aseme hivyo, kwa adabu, na aombe maneno yaandikwe kwamba amesema hivyo. Na asiingie peke yake. Tumewaona wengi walioingia peke yao kwa ujasiri wakatoka wametia sahihi karatasi wasiyoijua.

Hata hivyo hatutakuwa wa kweli tukiwasema wakubwa peke yao. Kuna maneno yanayopita katika karakana na njiani alfajiri, watu wanapofuata reli kwa miguu kutoka Kibera kwenda Viwandani. "Fulani hupata ovataimu kila Jumapili kwa sababu karani ni mtu wa kwao." Mara nyingine ni kweli, na ikiwa ni kweli ni dhuluma mbovu kabisa, maana humla mtu shilingi na humgombanisha na jirani yake. Lakini mara nyingine tumefuatilia tukakuta kwamba Jumapili zile zilikuwa zamu yake, au kwamba ndiye peke yake aliyeandika jina. Kwa nini basi watu waliamini kabila? Kwa sababu orodha ya zamu hukaa ndani ya droo. Mahali pasipo na maelezo, kila mtu hujitungia maelezo yake, na hapa kwetu maelezo yaliyo karibu na ulimi ni kabila. Tumeyaona makubwa yaliyotokea Kibera mwaka 2007 na 2008 kwa ulimi huo. Karani anayeficha orodha hajui anacheza na moto wa namna gani.

Tena mtu huyaona ya jirani nusu nusu. Wa karakana hukitazama kiti cha karani, hayaoni makosa ya hesabu anayokatwa. Karani huziona marupurupu za dereva, hauoni usingizi wake wa kukatika katika nyumba za mapumziko mbali na watoto. Kabla ya kusema, ulizeni. Na ninyi wawakilishi wa chama, mizani yenu yatazamwa kuliko ya mkubwa yeyote. Mwakilishi anayepeleka mbele kesi ya mtu wa nyumbani kwao na kuiacha ya mwingine ikilala, hana kinywa cha kumwambia mwajiri habari ya upendeleo. Kesi ziandikwe kwa tarehe zilivyoingia, na zifuatwe hivyo.

Kwa hiyo katika mazungumzo yanayokuja na wakubwa, kamati yetu haitaingia na dai la nyongeza peke yake. Nyongeza tutaidai, wala pasiwe na shaka juu ya hilo; bei ya unga haijatungoja. Lakini tutadai pia kwamba orodha ya zamu na ovataimu ibandikwe ukutani kila Ijumaa katika kila depo, mahali ambapo mtu wa shifti ya usiku aweza kuisoma. Tutadai kwamba anayeshika kazi ya cheo cha juu apewe posho ya cheo hicho, na akipitwa wakati wa kupandishwa aelezwe sababu uso kwa uso. Tutadai barua ya onyo isiandikwe kabla mwenyewe hajasikilizwa. Na vifaa vya usalama, yaani buti, kofia, glavu na koti la mvua, vigawanywe kwa kazi, si kwa karatasi ya kuajiriwa. Jiwe la kokoto haliangalii mguu wa kudumu na mguu wa kibarua.

Tunajua jibu litakalotolewa juu ya orodha, kwa kuwa limetolewa zamani: kwamba mambo ya zamu ni siri ya ofisi. Mshahara wa mtu na ugonjwa wake ni siri yake, na twaiheshimu. Zamu si siri. Kila mtu depo nzima amwona aliyekuwa kazini Jumapili.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Kila mwanachama alete hati zake za malipo za miezi mitatu, na barua yoyote ya onyo aliyo nayo, hata kama imechanika. Vibarua wote wanakaribishwa pamoja na madaftari yao ya tarehe, wawe wanachama au wasiwe. Watakaokuwa zamuni siku hiyo wampe mwakilishi wa depo karatasi zao kabla ya Ijumaa, naye atazitia sahihi mbele yao kwamba amezipokea.